Mpigaji Nisiyeruhusiwa Kumtaja

Sehemu ya Tano

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nikusaidie haraka. Mimi ni Theresia, mama wa Kelly, mkazi wa Hjulsta, pale treni ya chini ya ardhi inapochoka na kugeuza. Nina diploma ya ununuzi na ugavi. Nina timu ya besiboli ya mezani. Na nina baba mkwe.

Kila kimoja peke yake hakina madhara. Msimu huu vilikutana.

Besiboli yenyewe hakuna kati yetu anayeweza kuicheza. Aliyetuletea balaa hili ni Mzee Khalfan, mtu wa Tanga, aliyesomea kilimo Kuba akarudi na cheti na wazimu wa besiboli. Hapa Stockholm alikosa wa kucheza naye uwanjani, akatengeneza mchezo wa mezani: ubao, kadi na dadu mbili.

Kila kadi ni mchezaji. Unamtaja jina, unarusha dadu, unasoma kadi inasemaje: kapiga, au katoka. Aliyepiga anasimama kituoni, na akirudishwa nyumbani na wenzake ni pointi. Wakitoka watatu, zamu inahamia kwa mwenzako. Basi. Watu wazima sita, wenye kazi na kodi za nyumba, tunakutana kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chama kule Tensta, kuanzia Oktoba hadi Aprili, kugombana juu ya karatasi.

Majina ya kadi anayatoa kocha mwenyewe kabla ya msimu. Wenzangu waliwaita wachezaji wao majina ya wajomba, ya mashujaa, ya milima. Mimi sikuwa na muda huo. Nilitazama jikoni kwangu nikaandika: Kinu, Pawa, Kijiko, Chungu, Sinia. Timu nikaiita Mafiga.

Sasa unataka kujua msimu ulikwendaje. Ulikwenda vizuri sana, kama unapenda misiba.

Kinu alipiga mpira mara moja, Novemba, na nadhani ilikuwa bahati mbaya. Pawa ndiye mrushaji wangu mkuu, anayewarushia wapinzani mpira wa kupiga. Alirusha mipira mitamu kiasi kwamba wapinzani walikuwa wanauliza kama naye anaweza kuazimwa Jumamosi wasizocheza na sisi. Kijiko hakupiga chochote tangu Oktoba. Nilimvumilia. Nimeolewa, najua kuvumilia.

Krismasi ilipofika tulikuwa wa mwisho. Pasaka ilipofika tulikuwa bado pale pale, tumeshaotesha mizizi.

Na sheria ya ligi ni hii: kocha anayemaliza wa mwisho anaachia kiti. Kadi zake zote zinakwenda kwa wa kwanza kwenye foleni ya wanaosubiri.

Wa kwanza kwenye foleni ni mume wangu.

"Nimejiandikisha tu, Mama Kelly," Januari, ndiye huyo mume wangu, aliniambia mwaka jana. "Foleni yenyewe ndefu. Mpaka nifikiwe, sote tutakuwa tumestaafu."

Foleni ilikuwa na watu wawili.

Utauliza, mtu mzima anang'ang'ania kadi za nini? Nitakuambia. Wiki nzima naagiza nepi na glovu za nyumba ya wazee. Jioni ni mama wa fulani, mke wa fulani, mkwe wa fulani. Jumamosi saa nane mchana naitwa Kocha. Januari nimemwachia rimoti, kiti cha dirishani na paja la kuku. Hicho kimoja simwachii.

Basi tuje kwenye kadi.

Desemba, Gervas alinifuata. Huyu ni fundi wa lifti, Mhaya, anaongea kama lifti zote za Sweden alizijenga yeye.

"Shemeji," akasema, "nina mtu wa kukufaa. Mpigaji. Ukirusha saba kwenda juu, kapiga. Sita na sita, mpira unatoka nje ya uwanja, na watu wako wote wanaingia nyumbani."

"Kwa nini unamwachia?"

"Najenga timu ya vijana. Huyu hata benchi sijamtoa."

Kadi haina umri, msomaji. Hapo ningeshtuka. Lakini mimi ni mtu wa namba, na namba zilikuwa nzuri kuliko mahari. Nikampa Chungu na Sinia, wachezaji wangu pekee waliokuwa na faida, tukashikana mikono mbele ya Mzee Khalfan.

Chuoni walitufundisha miaka mitatu: kabla ya kupokea mzigo, soma lebo. Somo hilo nilipata alama ya juu kabisa.

Nilipofika kwenye treni ndipo nikaisoma lebo. Juu ya kadi, kwa herufi kubwa za Gervas, palikuwa na jina la baba mkwe wangu.

Usiniulize jina gani. Silitaji, na hata hapa siliandiki. Mhariri aliniomba, nikamwambia gazeti lake linafika Tukuyu, kwa kina mume wangu.

Kwetu Singida mkwe tunamheshimu, lakini tunamsalimia. Januari ni Mnyakyusa. Wiki ya harusi shangazi yake alinikalisha chini akanifundisha: baba mkwe humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, na jina lake halipiti kinywani mwako mpaka mmoja wenu azikwe. Wengi siku hizi wameyaacha. Ukoo nilioolewa mimi haujapata taarifa.

Na sheria ya kwanza ya Mzee Khalfan inasema kocha ataje jina la mpigaji, kwa sauti, yeye mwenyewe, kama lilivyoandikwa. Asipolitaja, mpigaji katoka.

Nilipeleka shauri kwenye kikao. Niliomba nimwite "Baba Januari". Wakakataa. Niliomba nimwite "yule bwana". Wakacheka kwanza, halafu wakakataa.

"Bibi, jina halibadiliki katikati ya msimu," Mzee Khalfan akasema. "Tukianza hivyo, kesho kila mtu ana wachezaji wawili ndani ya kadi moja."

Évariste, dereva wa basi kutoka Bujumbura, kocha wa Ngoma za Rinkeby, akaongeza: "Mama Kelly, hata kwetu Burundi mukwe tunamuheshimu. Lakini dadu haina mukwe."

Kwa hiyo mpigaji bora wa ligi nzima alikaa benchi kuanzia Desemba hadi Aprili. Nilikuwa namfuta vumbi.

Hapo ndipo tulipoishia wiki iliyopita, pale Januari aliporudi kutoka kazini anang'aa kama sufuria mpya.

"Mama Kelly, baba kapata viza! Anakuja wiki tatu!"

Nikasema, "Akaribie." Nilitaka kusema mengine.

Jaribu wewe kumkwepa mtu ndani ya nyumba ya vyumba vitatu yenye choo kimoja. Tuliweka pazia kwenye korido. Mzee akitaka kupita anakohoa. Mimi nikitaka kupita napiga makofi. Kama sote tunataka kupita, Kelly ndiye taa za barabarani.

"Farfar är på toa," ananijibu Kelly bila kuinua macho kwenye simu, yaani babu yuko chooni.

"Sema Kiswahili!"

"Mama, kwa lugha yoyote ile, yuko chooni."

Mzee mwenyewe sikuwahi kumwona zaidi ya viatu. Viatu safi. Chakula changu alikisifia kwa kupitia ukuta. "Mwambieni mama yenu ndizi hizi zimeiva na akili," nilimsikia akisema siku moja. Nami nikajibu kupitia kwa Kelly kwamba asante, ziko nyingine. Kusema kweli, kwa mtu tusiyeonana, tulielewana kuliko wengi ninaoonana nao.

Lakini ligi haikungoja. Tulifika mechi ya mwisho, Mafiga na Ngoma za Rinkeby, Jumamosi. Évariste naye alikuwa na msimu wa kulilia. Hesabu ilikuwa rahisi: atakayefungwa ndiye wa mwisho.

Hapa nikuungamie jambo. Nilikuwa nimepanga.

Ndege ya mzee ilikuwa Ijumaa. Nilijiambia, mtu akishapaa, hayuko Sweden na hajafika Tanzania. Yuko juu ya mawingu, mahali ambapo shangazi hana mamlaka. Jumamosi, mpigaji wangu ananyanyuka benchi, natamka lile jina mara moja, kwa heshima zote, natetea kiti changu. Halafu naungama kwa padri, si kwa shangazi. Padri anasamehe.

Alhamisi jioni tunaangalia taarifa ya habari, mimi upande wangu wa pazia. Mlima huko Aisilandi umepasuka. Unatapika majivu. Ndege zote zimezuiwa, uwanja wa Arlanda umefungwa, hakuna anayejua mpaka lini.

Milima yote ya dunia hii, na siku zote za mwaka.

"Mungu ana makusudi yake," Januari akasema. Nilichungulia kidogo pembeni ya pazia. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepokea makusudi hayo kwa barua rasmi.

Kabla ya saa moja kupita simu ikalia. Shangazi, kutoka Tukuyu.

"Mkwe, tumesikia mlima umemzuia mzee wetu."

"Ndiyo, shangazi."

"Heshima iendelee."

"Itaendelea, shangazi."

Habari za huo mlima zilifika Tukuyu kabla majivu hayajafika Uppsala.

Basi nikaja na mpango wa pili: mzee atabaki Hjulsta, mimi nitakuwa Tensta. Ni kituo kimoja tu cha treni, lakini kituo ni kituo. Ukuta wa zege, handaki, watu wengine. Shangazi alikataza kutaja. Nikajiambia alikataza kutaja mbele yake. Unaona jinsi mtu anavyopunguza bei ya dhambi akishaamua kuinunua.

Jumamosi nikafika ukumbini mapema. Nikapanga kadi zangu. Kinu, Pawa, Kijiko, na wenzao wasio na faida. Ile moja nikaiweka pembeni, uso chini.

Mlango ukafunguliwa. Januari.

"Umekuja kuangalia?" nikamuuliza.

"Nimekuja na baba. Nimwacheje peke yake? Mgeni, ndege hakuna, hata lugha hajui."

Nilisikia kikohozi. Niligeukia ukutani haraka kama mwanajeshi. Nyuma yangu viatu vikapita, fimbo ikagonga sakafu, mzee akapelekwa jikoni mwa ukumbi, akawekewa chai. Mlango wa jikoni ukaachwa wazi kidogo.

"Ufunge," nikasema.

"Baba anahitaji hewa."

"Afungue dirisha."

"Baridi hii, Mama Kelly? Mzee wa watu?"

"Katoka Tukuyu, Januari. Tukuyu wanavaa makoti Juni."

Mlango ukabaki vile vile. Januari akakokota kiti, akakaa kati ya meza yetu na jikoni, akafungua karanga; Kelly akakaa pembeni yake na simu.

Mechi ikaanza. Sitakuchosha. Pawa alirusha mipira yake mitamu, Ngoma wakala wakashiba. Halafu Évariste naye akapata mikosi, dadu zake zikamsaliti, tukawafikia. Wakatupita tena. Watu wote wa ligi walikuwa wamesimama kuizunguka meza, na mtu asiyejua angedhani tunaamua mustakabali wa nchi.

Zamu ya mwisho. Mafiga tunapiga. Tuko nyuma kwa pointi moja. Watu wangu wawili wako vituoni wanasubiri kuletwa nyumbani, na wengine wawili wametoka. Nimebakiwa na mpigaji mmoja. Akipiga vizuri, wote wanaingia, nashinda, nabaki na kiti. Akitoka, namkabidhi mume wangu kadi hapo hapo, mezani.

Mpigaji anayefuata kwenye zamu: Kijiko.

"Alors, mulete Kijiko!" Évariste akashangilia. "Tukoroge chai!"

Ukumbi ukacheka. Hata mimi ningecheka, kama Kijiko angekuwa wa mtu mwingine.

"Naomba mapumziko," nikasema.

"Dakika tano," Mzee Khalfan akatangaza. "Na msinimwagie chai kwenye ubao."

Nilimvuta Gervas kando ya makoti.

"Gervas. Wewe Mhaya wa Bukoba. Lile jina la Kinyakyusa ulilitoa wapi?"

Akaangalia dari. Dari halikumsaidia.

"Shemeji, mimi nilitafuta tu jina la mwanaume hasa, jina zito..."

"Nani alikupa?"

"Si mambo ya utani tu..."

"Gervas!"

"Januari," akasema kwa sauti ndogo. "Oktoba. Akanipa na karanga. Desemba akaniambia, mpelekee Mama Kelly, atainunua kwa bei yoyote, yeye huwa hasomi majina." Akameza mate. "Shemeji, mimi sikujua kuna mwiko. Wallahi. Nilidhani mzee wake alikuwa mcheza mpira."

Nikageuka. Januari alikuwa ananiangalia. Akaacha kutafuna.

Mume wangu, ambaye hawezi kukumbuka siku ya kutoa takataka, alikaa akapanga jambo tangu Oktoba mpaka Aprili. Nikupe siri: kwa dakika moja nilimheshimu.

Nikamfuata kitini kwake. Nikaongea polepole, mzee asisikie.

"Kwa hiyo baba yako umemleta kama kufuli."

"Mama Kelly, ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo tu, kwa nini unautaka hivyo?"

Alichagua karanga moja, akairudisha. Halafu akasema, naye polepole, "Wewe ukitoka hapa Jumamosi unarudi umechangamka. Hata ukifungwa. Nyumbani sijakuona hivyo. Nikasema labda kilichomo humo kinagawanyika."

Hilo sikulitegemea. Lingekuwa neno zuri sana kama angelisema Oktoba, bila kumwuza baba yake kwa Gervas.

"Ungeomba," nikamwambia.

"Ningeomba ungesema nini?"

"Ningekataa. Lakini ungeomba."

"Muda umekwisha!" Mzee Khalfan akaita.

Nikarudi mezani. Nikamchukua Kijiko, nikamwondoa. Ile kadi iliyolala kifudifudi nikaigeuza, nikaiweka katikati ya ubao.

Évariste alitazama kadi, akanitazama mimi, akatazama mlango wa jikoni. Akajifuta uso.

"Mama Kelly," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "acha tu. Kiti kitu gani?"

"Mtaje mtu wako, bibi," Mzee Khalfan akasema kwa upole. "Au umtoe."

Januari alikuwa amesimama. Karanga zimemwagika.

"Theresia," akasema. Miaka kumi na sita ya ndoa, hajaniita Theresia mbele za watu. "Usifanye. Nitajitoa kwenye foleni. Naapa. Sasa hivi."

"Ukijitoa wewe anaingia wa pili. Mimi kiti nakipoteza vile vile."

"Basi kipoteze! Shangazi akisikia..."

"Shangazi atasikia kutoka kwa nani, Januari? Aliyelipeleka jina la mzee kwenye dadu ni nani kati yetu?"

Akaketi juu ya karanga zake.

Nikazichukua dadu. Nikavuta pumzi, na nikalitaja. Lote. Jina la baba mkwe wangu, kwa sauti ya kocha, silabi moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma mizigo bandarini. Nikazirusha dadu.

Moja ikatua haraka: sita. Ya pili ikaendelea kuzunguka pembeni mwa ubao.

Na kutoka jikoni, sauti ya mzee aliyelelewa vizuri, ambaye akiitwa huitika:

"Naam!"

Dadu ikalala. Sita.

Sita na sita. Mpira nje ya uwanja, watu wote nyumbani, Mafiga wameshinda. Nikaruka juu. Gervas akaruka juu, sijui kwa sababu gani. Kelly akapiga ukelele, tena kwa Kiswahili.

"Ngoja! Ngoja!" Évariste alikuwa ameinua mikono yote miwili. "Sauti ya inje! Muzee amejibu wakati dadu inazunguka!"

Tukamgeukia Mzee Khalfan. Akavua miwani. Akaipangusa kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Sauti ya asiyekuwa kocha ikisikika dadu zikiwa zinazunguka," akasema, "mrusho haupo. Unarudiwa. Ni sheria."

"Sheria ya nani?" nikapiga kelele.

"Yako, bibi. Uliileta mwenyewe mwezi wa kwanza mwaka huu, simu ya Gervas ilipolia."

Sheria nilizoziandika maisha yangu yote zimepuuzwa na kila mtu. Hii moja wakaishika.

"Sawa," nikasema. "Nipe dadu nirudie."

"Kurudia ni kuanzia mwanzo," Mzee Khalfan akasema, na nikaona kweli anaumia. "Jina kwanza."

Fimbo ikagonga sakafu. Mara moja, halafu tena. Mlango wa jikoni ukasukumwa wazi wote.

Nilitafuta ukuta wa kugeukia, lakini mezani watu walikuwa wamenizunguka pande zote. Viatu vile safi vikaja mpaka mbele yangu. Kiti kikavutwa. Mtu akakaa, upande wa pili wa ubao, uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamwona baba mkwe wangu ana macho ya rangi gani.

Januari akafungua mdomo. Mzee akainua kidole, akaufunga.

Akaitazama kadi. Akazitazama dadu. Akanitazama mimi, akaegemeza mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Nimeitwa, mkwe," akasema. "Nimekuja. Endelea."